Plasta Niliyoitupa

Tangu nirudi Machakos mmenitania vya kutosha. Aliyeanza ni dada yangu Kanini: eti Mwende amerudi kutoka Qatar na simu mbili kama broka wa mashamba, na ile ya Doha haizimwi hata kanisani. Siku ya harusi ya Muli mliniona nikitoka mbio katikati ya maombi kwa sababu simu ilikuwa imetetema mkobani. Kumbe ni kampuni ya simu, inanitangazia vifurushi. Mkarudi nyumbani mkiulizana ni Mwarabu gani huyo.

Hakuna Mwarabu. Kuna mama mmoja na mkono wake. Nimeona niandike, kwa sababu nikianza kusimulia kwa mdomo mnanikatiza na mimi nalia. Mkimaliza kusoma msinipigie kunipa pole, maana wa kupewa pole si mimi. Habari za visa na mihuri nimeziruka, hazina utamu wowote.

Kutoka Al Wukair

Mnajua nilikuwa nesi wa wadi ya mifupa. Miaka minne niliishi Al Wukair, pembezoni mwa Doha, chumba kimoja na wasichana wawili wa Kisii, na wadini jina langu lilikuwa Sista Sabuni. Sikulichukia hata kidogo. Mimi ni mtu wa usafi tangu chuo, pale kwenye hospitali ya misheni, ambapo metroni wetu alikuwa akipitisha kidole chini ya kitanda kisha anakuonyesha. Alikuwa na neno lake: mgonjwa hatoki mkononi mwako na uchafu wa mtu mwingine. Nililishika neno hilo kuliko nilivyoishika Biblia, Mungu anisamehe.

Hospitali yetu ilikuwa ikituma ndege Misri kuwachukua majeruhi kutoka Gaza waje watibiwe Doha. Mara tatu niliomba niwekwe kwenye msafara na mara tatu nikanyimwa. Ya nne nikakubaliwa. Niliringa, siwafichi. Niliwapigia nyumbani nikasema naenda kazi ya maana.

Aliyenichukua asubuhi ile alikuwa Ssali, dereva wetu wa hospitali, Mganda wa Masaka, mtu wa maneno machache na yote ya kukuchoma. Akaona nimebeba bakuli kubwa la muthokoi.

"Dada, kule wana risasi, wewe unawapelekea mahindi?"

"Ni chakula changu."

"Hiyo ni ya kikosi kizima."

Uwanjani tukakaa saa tatu bila ndege kusogea, kibali kimoja kilikuwa hakijafika. Kiongozi wetu, Daktari Mutasim, Msudani mpole, alikunywa karaki, ile chai yao ya maziwa, vikombe vinne na kila nikimuuliza ananiambia inshallah. Mimi nilihesabu bandeji mara mbili, nikazipanga kwa ukubwa, nikazipanga tena. Daktari akacheka, akasema majeruhi hawataangalia mpangilio.

Misri, kwenye uwanja wa jangwani

Tulipotua tuliambiwa ambulensi ziko njiani. Njiani hapo palichukua siku nzima na sehemu ya siku ya pili. Tulilala kwenye viti. Asubuhi madereva wa Kimisri waliokuwa wakingoja nasi walituletea maharage na mikate, na mimi kwa adabu ya nyumbani nikatoa bakuli langu. Mmoja wao, mzee wa mashavu manene, akachungulia muthokoi, uso ukachangamka. Nikajua amekipenda chakula cha Wakamba. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa pakiti za sukari, akamimina zote. Halafu akaomba maziwa. Kwao ngano ya kuchemshwa huliwa tamu, naye alidhani ni ndugu yake hiyo. Wakala wakamaliza, wakaniombea dua. Mimi nikabaki na maharage.

Nacheka nikikumbuka, na huwa nataka hadithi iishie hapo.

Ambulensi zilifika saa nne. Mgonjwa niliyepewa mimi alikuwa mama wa miaka sitini hivi, Mama Yusuf. Paja lilikuwa na kidonda, mkono wa kulia umevunjika juu kidogo ya kifundo. Alikuwa peke yake, kwa kuwa mpwa aliyekuwa amsindikize alizuiwa kuvuka. Alinitazama akasema "binti yangu" kwa Kiarabu, kisha akafumba macho, maana alikuwa amechomwa dawa ya maumivu.

Ile plasta ya mkono sasa. Ilikuwa nyeusi kwa moshi, pembeni imelegea, na ilinuka damu iliyolala. Juu yake palikuwa pameandikwa kwa kalamu ya buluu kila mahali: maneno, tarakimu, na mchoro wa mstari uliokatika katikati. Tarakimu za Kiarabu nazijua, nilikuwa nikizisoma kwenye namba za magari kila siku. Nikadhani ni tarehe. Na kwa maandishi yale mengine nikatabasamu, kwa sababu nilimkumbuka Kanini alipovunjika mguu darasa la tano, darasa zima likaandika majina na mmoja akaandika "mwizi wa maembe". Kwetu, plasta iliyoandikwa ni mchezo wa watoto.

Vidole vyake vilikuwa vimevimba. Daktari akaja, akavibonyeza, akaniambia waziwazi: "Ipasue kwa urefu, uifunge juu yake na bandeji. Ndege ikipanda mkono utavimba zaidi." Akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Ipasue, uifunge. Hayo tu. Nami nikaipasua. Harufu ilipotoka, metroni wangu akanisimamia kichwani na kidole chake. Nikasema huyu mama hapandi ndege ya watu hivi. Nikaitoa yote. Nikamwosha mkono kwa maji ya uvuguvugu na sabuni hadi kwenye kucha, nikaukausha, nikamwekea nusu plasta mpya chini na bandeji nyeupe pee juu. Ile ya zamani nikaitia kwenye mfuko wa manjano wa taka, nikafunga fundo. Nilijisikia vizuri. Hapo ndipo ninapojichukia, kwamba nilijisikia vizuri namna ile.

Angani

Mama Yusuf aliamka tulipokuwa tumeshapaa. Mkono wa kushoto ukautafuta wa kulia, ukaupapasa. Akainua kichwa akatazama. Nikamwinulia kidole gumba, yaani, umeona kazi?

Akaanza kusema. Kiarabu changu ni cha wadini: unaumwa wapi, kunywa maji, geuka, lala. Chake kilikuwa cha haraka na cha kwao, na machozi yalikuwa yakimtiririka. Nikaelewa kwamba ananishukuru. Nikamjibu "karibu sana", nikamfuta machozi kwa kitambaa. Akanishika kiganja, akasema tena yale yale, polepole, akigusa bandeji. Nami nikamjibu tena karibu.

Daktari alikuwa mwisho wa ndege na kijana aliyekuwa akipumua kwa shida, sikutaka kumsumbua kwa ajili ya shukrani.

Tulifika Doha Jumamosi alasiri. Mfuko wa manjano niliubeba mwenyewe, nikawakabidhi watu wa taka kama utaratibu ulivyo. Taka zile huchomwa siku hiyo hiyo.

Wadini

Jumapili asubuhi Daktari Mutasim alinikuta nikitandika. Akaniambia njoo, huyu mama anauliza kitu. Akaniketisha kando ya kitanda, akawa anatafsiri.

Mama Yusuf ana mtoto mmoja aliye hai, Yusuf, mhudumu wa ambulensi huko Gaza. Mkono ule ulifungwa na Yusuf mwenyewe, kwenye korido, kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Kule, faili na simu hupotea, kwa hiyo wahudumu huandika kila kitu juu ya plasta: siku mfupa ulipovunjika, umevunjika vipi, dawa gani imetolewa. Yeyote anayempokea mgonjwa husoma plasta kwanza, kama sisi tunavyofungua faili. Na juu ya hayo Yusuf aliandika namba yake mpya. Simu ya mama ilibaki chini ya nyumba iliyobomoka. Mama hajui kusoma wala hakuikariri namba, na Yusuf hakuwa na namba yoyote ya kumpigia mama yake huku Doha.

"Mwanawe alimwambia," Daktari akatafsiri, "ukifika tu, mwonyeshe nesi mkono. Nesi atajua."

Kisha akanigeukia. "Sista, ile plasta iko wapi?"

Nilikuwa na jibu. Moto ulikuwa umeshaila, lakini jibu nilikuwa nalo. Ningesema: niliitoa yote, nikaitupa, imechomwa, nisamehe. Badala yake nikaona barua ya onyo, nikaona wasichana wa wadi wakimcheka Sista Sabuni, nikasikia mdomo wangu ukisema, "Niliiacha kule uwanjani, Daktari."

Basi Daktari akapiga simu Misri. Watu waungwana wakaenda kupekua mapipa ya taka ya uwanja ule wakitafuta plasta ambayo haikuwapo. Daktari akashauri kwamba tutafute pia njia nyingine, Doha ina Wapalestina wengi, huenda mmoja akamjua Yusuf. Mama Yusuf akakataa. Kwa nini awasumbue watu, na namba inakuja?

Kila asubuhi akaniuliza neno moja, "Imekuja?" Nami, "Inshallah kesho." Jumatatu hivyo. Jumanne hivyo, na siku hiyo alinigawia nusu ya chungwa lake, nikalila mbele yake. Jumatano hivyo. Jamani, nilikuwa naomba Mungu, lakini nilichoomba ni asahau.

Alhamisi nikamwambia Ssali, tukiwa garini tukirudi Al Wukair kwa chakula cha mchana. Nilimweleza yote. Nilitarajia aniambie usijali. Ssali akaendesha hadi mzunguko wa pili wa barabara ndipo akajibu.

"Unaniambia mimi ya nini? Mwambie mwenye mkono."

Akageuza gari bila kuniuliza.

Muaither

Nilimwambia Mama Yusuf saa tisa alasiri, Daktari akitafsiri. Sauti ya Daktari ilibadilika katikati, kwa sababu naye alikuwa anayasikia mara ya kwanza. Alipomaliza hakunitazama. Mama akauliza swali moja: "Imechomwa?"

"Ndiyo, mama."

 Sikutukanwa, na ningeshukuru kutukanwa. Halafu akamwambia Daktari: basi mtafuteni Abu Tareq, mwoka mikate, alikuwa jirani yetu zamani, nilisikia yuko Doha, upande wa Muaither. Mpwa wake ni dereva kwenye kituo kimoja na Yusuf.

Mnaona? Njia ilikuwepo tangu Jumapili. Alikuwa nayo kichwani, na hakuitumia kwa sababu aliniamini mimi.

Ijumaa ilikuwa siku yangu ya mapumziko, na Ssali akanipeleka. Muaither ni mitaa ya nyumba zinazofanana, kuta za rangi ya mchanga, na kila kona ina duka la mikate. La kwanza lilikuwa la Waafghani. La pili mwenye duka ni Msyria, akasisitiza kwamba yeye ndiye Abu Tareq, hadi ikajulikana kuwa ana mtoto Tareq kweli, lakini hajawahi kufika Gaza. Tukapoteza nusu saa akitueleza habari za Tareq wake. La tatu limefungwa kwa sala ya Ijumaa, tukangoja kwenye jua, Ssali akala biskuti zangu bila kuomba. Baada ya sala akaja mtu mrefu wa nywele nyeupe na unga kwenye nyusi. Tukataja Mama Yusuf. Akashika mlango.

Hakutaka kusikia lolote kabla hatujala. Alituwekea mikate ya moto yenye mafuta na majani makavu ya zaatari, na chai, akasimama juu yetu kama mama mkwe. Nilikula nikamaliza. Ndipo nikamweleza, na safari hii sikuacha kitu. Akasikiliza, akafuta mikono kwenye aproni. Akasema, "Mtandao kule ni wa bahati. Nitapiga mpaka apokee."

Alipiga Ijumaa yote na Jumamosi yote. Jumapili saa tano asubuhi akaja wadini mwenyewe, amevaa shati la kwenda msikitini. Nilipomwona amevaa vile, nikaenda kumwita Daktari.

Alitueleza mimi na Daktari koridoni kwanza. Mpwa wake amepokea. Yusuf alitoka na gari Jumatano jioni kwenda kuchukua majeruhi, yeye na mwenzake. Gari halikurudi. Waliwapata Alhamisi, wakawazika siku hiyo hiyo. Na mpwa akasema jambo lingine, kwamba tangu mama yake aondoke, Yusuf kila akirudi kituoni jioni alikuwa anauliza, kabla hata ya kunawa: "Mama amepiga?"

Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Ningesema Jumapili, Jumatatu tungekuwa Muaither. Abu Tareq alihitaji siku mbili. Nimezihesabu siku hizo kwa vidole mara nyingi, na hazibadiliki. Majuto ni mjukuu, wazee walisema, lakini wangu hakungoja nizeeke.

Abu Tareq aliingia, akapiga magoti kando ya kitanda. Mama alijua kabla hajafungua mdomo. Alilia bila sauti kwa muda mrefu, ameushika ule mkono wenye bandeji yangu nyeupe. Halafu akamuuliza Abu Tareq kitu, Abu Tareq akanitazama mimi, akasita. Swali nililielewa bila Daktari. Alikuwa anauliza kama Yusuf alimngoja.

Mzee yule alikuwa tayari kunifichia, niliona usoni mwake. Nikajibu mimi, kwa Kiarabu changu cha wadini: "Ndiyo, mama. Kila siku. Jioni."

Akageuzia uso ukutani. Jioni ile aliomba apewe nesi mwingine.

Kurudi nyumbani

Niliandika maelezo yangu, nikapewa barua yangu ya onyo, na ajabu ni kwamba haikuuma. Mkataba wangu ulikuwa umebaki wiki tano. Daktari Mutasim aliendelea kunisalimia, lakini karaki hakuniitia tena.

Mama Yusuf alifanyiwa upasuaji wa mkono. Wiki moja baada ya hapo, nikiwa upande mwingine wa wadi, nikaambiwa ananiita mimi, kuna plasta ya kufungwa. Nilikwenda. Daktari alikuwepo.

Nilifunga. Sikuwahi kufunga plasta polepole namna ile. Ilipokauka akanyoosha mkono akasema, "Andika."

Nikauliza niandike nini.

"Chora mfupa kwanza. Yusuf alichora mfupa kwanza."

Nikachora mstari, nikaukata katikati. Nikaandika siku ya upasuaji. Nikaandika dawa. Kalamu ilikuwa ikiteleza kwa jasho.

"Sasa namba yako," akasema. "Mwingine wa kumpigia sina."

Nikaiandika kubwa, kwa tarakimu zao. Nikamwomba msamaha hapo hapo, nimeshika mkono wake, na Daktari akatafsiri akiangalia dirisha. Mama Yusuf aliitazama ile namba asiyoweza kuisoma, akaipapasa kwa kidole.

"Bado nafikiria," akasema. "Nikiwa tayari nitapiga. Nitamwonyesha nesi."

Siku ya kuondoka nilipita kwa manesi wote wa zamu zote tatu, mmoja mmoja, nikawaambia: plasta ya Mama Yusuf, kitanda cha sita, ikifika wakati wa kutolewa, mnampa mwenyewe mkononi, hata kama inanuka. Waliitikia. Ssali akanifikisha uwanjani, akanibebea mizigo hadi mlangoni, jambo ambalo hajawahi kumfanyia mtu. Hakunitania. Ndege ilichelewa saa mbili na sikuuliza sababu. Nairobi nikapokewa na Kanini na shangwe, na tangu hapo mmekuwa mkinitania, nami nawaacha.

Ile plasta sasa itakuwa imeshatolewa. Wiki sita zimepita na ziada. Sijui kama walimpa. Sijui kama anayo chini ya mto au iliingia kwenye mfuko wa manjano kwa mkono wa msichana fulani msafi kama mimi. Kumpigia mimi siwezi, simu hana, na hata angekuwa nayo, aliyesema atapiga ni yeye.

Kwa hiyo msiniulize tena habari za simu ya pili. Naichaji asubuhi, naibeba shambani, nikienda kuoga naiacha mezani kwa Kanini. Na jioni nikirudi, kabla sijanawa mikono, namuuliza kama kuna mtu amepiga.